Iliki Kumi na Mbili

Ua la iliki halikai juu, penye macho ya watu.
Hutambaa chini, shinani, kwenye matope,
jeupe, lenye mistari ya zambarau
kama mdomo wa mtoto aliyenyonya kalamu.

Ndiyo maana mgongo wa mama uko vile ulivyo.

Miaka thelathini na moja, Lwangwa, chini ya migomba,
kwenye udongo mweusi wa mlima uliowahi kutapika moto,
mvua isiyojua siku ya mapumziko,
Tupokigwe binti Mwaisaka ameinama
anachuma moja moja kwa ukucha wa gumba,
kabla ganda halijapasuka,
kabla panya hawajaonja.
"Iliyoiva kabisa ni ya ndege," alisema.
"Ya Sanga ni ile inayojiandaa kuiva."

Sanga alikuja Ijumaa na mizani yake ya kuning'iniza.
Akachota kwenye ungo, akanusa, akakunja pua.
"Mama, hii ina moshi."

Ina moshi, ndiyo. Tungeianika wapi?
Jua la kwetu huja kusalimia tu, ugonile,
na kabla hujaitikia limeshaondoka.
Nalo likikaa, iliki hupauka
ikawa rangi ya majani makavu, na bei ikapauka nayo.
Basi ilikaukia juu ya jiko, kwenye dari la matete,
sisi tukilala chini yake,
tukiamka na nguo za shule zinazonukia
sherehe ya watu wengine.

Kwetu tulikula mbalaga kwa maziwa na chumvi.
Chai ilikuwa majani, maji, sukari ikiwepo.
Hakuna aliyetukataza iliki.
Ni kwamba tuliihesabu kwa majina mengine:
kiganja hiki daftari, kikombe hiki soksi,
debe lile, Anangisye kidato cha pili.
Nani anakunywa kidato cha pili?

Juzi amekuja kwangu Mwanjelwa, goti linamsumbua.
Nikasema, leo namlipa.
Nikatupia iliki nzima kwenye mafuta ya moto
hadi zikavimba kama zinavuta pumzi,
ndipo nikamwaga mchele wa Kyela.
Nyingine nikazimenya, nikatwanga mbegu za maandazi,
nyeusi, zinanata, zimebanana vyumbani mwao
kama wanafunzi wa bweni.
Nikachemsha chai na maziwa, ikapanda mara tatu,
jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Mama akashika kikombe kwa mikono miwili.
Akanusa kama Sanga.
Akanywa.
Nikamtazama, nangoja, sijui nangoja nini,
machozi labda. Labda ndaga.

"Inawasha ulimi," akasema.
"Kama ile dawa ya meno ya dukani.
Nitilie ya kawaida."

Nikamtilia ya kawaida.
Nilikasirika kidogo, sitaficha.

Baadaye nikamkuta jikoni,
amesimama kwa goti lile lile bovu, chujio mkononi,
anazitoa zilizochemka, anazipanga ukingoni mwa meza:
kumi na mbili.
Anazigeuza. Anazibonyeza.
"Hii imechumwa mapema. Hii pia.
Siku hizi watu wana papara.
Hii ya wapi, haina hata mbegu.
Hii..."
Akaiinua kwenye taa.
"Hii imetoka kwetu."

Mimi nilizinunua sokoni, kwa kijiko,
kwa kijana asiyejua zilikotoka.
Sikumwuliza amejuaje.
Nilisogeza pua.
Chini ya maziwa, chini ya sukari,
ulikuwepo moshi.